Dawa ya Tao la Mwamba

Domo Asali alipofungua dirisha la chumba chake cha gesti asubuhi, akaona wageni wanapigana vikumbo kupiga picha chini ya lile tao la mwamba, alijua riziki imemfuata kitandani. Gesti nzima iliishi kwa jiwe hilo. Lingeanguka, Mama Mwenye Gesti angebaki kupangisha mende.

Akavaa tai, akaazima nyundo kwa seremala, akaenda kuligonga huku akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"We kaka, unanigongea nini?" Mama akaja mbio, ufagio mkononi.

"Mimi mtaalamu wa miamba, mama. Hapa zamani palikuwa bahari. Mchanga ukarundikana, ukagandamizwa, ukawa jiwe. Bahari ikaondoka, mvua ikapenya kwenye nyufa, upepo ukala sehemu laini ya chini. Hii ngumu ya juu ndiyo ikabaki tao."

"Marehemu bibi alisema lilijengwa na majitu."

"Bibi hakuwa na nyundo."

Mpaka hapo, tumtendee haki, hakuwa amesema uongo hata mmoja. Ilimchosha. Akavuta pumzi, akarudi kwenye fani yake.

"Sasa mguu huu umeoza. Mvua ijayo, chini! Ila dawa ya kuudunga ninayo."

"Jiwe linadungwa sindano?"

"Siku hizi nini hakidungwi, mama?"

Mama akashika kiuno, akalitazama jiwe, akaitazama na ile tai. "Pesa sina. Lakini kuna gari pale uani, linawaka vizuri. Lichukue ukalete dawa, liwe malipo yako kabisa."

Gari jeupe, matairi mapya! Domo Asali akalipokea kwa huzuni ya mtu anayeonewa.

"Shika barabara kuu," Mama akamwelekeza kwa upole. "Haina mashimo."

Vumbi halijatulia, mdogo wake akatoka jikoni amefura. "Dada! Umempa tapeli gari?"

"Lile la mgeni aliyeruka dirishani alipoona polisi? Mwache alichukue. Mimi hata kuligusa nilikuwa naogopa."

Barabara kuu kweli haikuwa na mashimo. Ilikuwa na kizuizi. Askari akalizunguka gari, akasoma namba taratibu, akainama dirishani.

"Zuri hili. La nani?"

Wapo ambao wangesita. Domo Asali akanyoosha tai, akatabasamu.

"Langu, afande. Tangu likiwa jipya."

"Basi shuka," askari akasema, akichomoa pingu. "Tumekutafuta mpaka tumechoka."