Ujirani Kuanza Rasmi Jumamosi Saa Nne

"Wakazi wa mtaa wa Sredna Polyana mnatangaziwa kwamba ujirani utaanza rasmi Jumamosi ya mwisho wa Septemba, saa nne kamili asubuhi, mbele ya Jengo la Tisa. Hadi muda huo, mnaombwa kuendelea kuvumiliana kwa utaratibu wa kawaida."

Tangazo hili lilitungwa na Metodi Drenkov, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Ujirani Endelevu katika manispaa, na lilimchukua siku tatu. Neno "kuvumiliana" peke yake lilimla asubuhi nzima. Alipomaliza alilisoma kwa sauti mara mbili, akaligonga muhuri, akaenda kunywa kahawa.

Sasa usije ukadhani Jengo la Tisa halikuwa na ujirani. Ulikuwepo, tena wa kumwaga. Miaka sita nyuma wakazi waliyaondoa magari mabovu yaliyokuwa yakiozea nyuma ya jengo, wakalima nyanya, wakapanda mti wa cheri, wakaweka pipa la mboji na benchi lililoundwa kwa viti vya tramu kuukuu. Kila Septemba walitoa nje jiko la kuchomea pilipili hoho, wakachoma gunia baada ya gunia, wakasaga sosi ya kujaza chupa za msimu mzima wa baridi. Mtu akiishiwa chumvi aligonga ukuta, si mlango, na chumvi ikaja.

Lakini ujirani huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulianza kabla ya Idara. Idara ingesemaje imeuleta? Na Jumamosi hiyo Naibu Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ralitsa Topuzova, alikuwa anakuja kuuona ujirani ulioletwa na Idara. Akiridhika, Metodi angefutiwa lile neno "Kaimu" lililomganda miaka minne. Basi akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili za kiofisi angelifanya: akausimamisha ujirani wa zamani ili kuupisha mpya.

Kanuni zikatoka. Bustani ifungwe utepe. Pipa lifungwe utepe. Mkusanyiko wa watu zaidi ya watano uombewe kibali kwa Fomu Namba Saba, itakayojibiwa ndani ya siku arobaini za kazi. Karatasi yoyote ya mlangoni iwe na muhuri wa Idara, isipokuwa tangazo la msiba; na watu waliokusanyika msibani wasiulizwe kibali. Hapo Metodi hakuwa na ujanja. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa mlangoni, kisha nyingine akitimiza siku arobaini, miezi sita, mwaka, miaka kumi, na haibanduliwi na mtu, hubanduliwa na mvua. Hata serikali ya zamani, iliyopiga marufuku karibu kila kitu, haikuthubutu kuzigusa.

Jambo jingine, ambalo Metodi hakupenda litajwe kwenye vikao: alizaliwa humo humo Jengo la Tisa. Mama yake, Bibi Spaska, bado alikuwa akiishi ghorofa ya pili, na lile pipa la mboji lilikuwa wazo lake. Siku kanuni zilipobandikwa, alimpigia mwanawe simu.

"Metodi, unajua siku arobaini za kazi zinaisha lini? Novemba! Pilipili hoho zikusubiri wewe mpaka Novemba?"

"Mama, kuna utaratibu."

"Pilipili hazijui utaratibu, zinaoza. Baridi ikija watu watakula nini, fomu?"

"Fomu zinapatikana dirisha la nne, Mama."

Bibi Spaska akamkatia simu.

Jumanne asubuhi mlango wa Jengo la Tisa ulikuwa na karatasi mpya yenye ukingo mweusi. Metodi alikuwa anapita kukagua tepe zake. Alivua kofia kabla hajasoma, maana ndivyo alivyolelewa, akasogea.

"Kwa majonzi makubwa tunawatangazia kuondokewa na mpendwa wetu PIPA LA MBOJI, akiwa na umri wa miaka sita. Alikuwa mpole, mwenye joto la ndani, na alipokea kila alichopewa bila kunung'unika. Mazishi ni leo saa kumi na moja jioni, nyuma ya jengo. Waombolezaji mje na koleo."

Juu kulikuwa na picha ya marehemu, imepigwa kwa mbele, na kwa kweli alikuwa ametoka vizuri.

Saa kumi na moja Metodi alifika na faili kwapani. Watu kama thelathini waliovaa nyeusi walikuwa wanageuza mboji kwa nguvu zao zote. Aliyesimamia shughuli alikuwa Mzee Zlatan, dereva mstaafu wa tramu, amevaa suti ya mazishi na mabuti ya mpira.

"Mkusanyiko huu una kibali?" Metodi akauliza.

"Pole sana, Bwana Mkurugenzi," Mzee Zlatan akampa mkono kwa huzuni. "Limetugusa sote."

"Nimeuliza kibali, Mzee!"

"Kibali cha nini tena? Huu ni msiba. Kanuni yako imeturuhusu, na tumeisifu, ina utu."

"Nani amekufa?"

"Pipa."

"Pipa halifi!"

"Haya, wewe ndiye msomi. Sisi tumelikuta limefungwa utepe wa manispaa, kimya, halipumui. Kama lilikuwa hai, basi aulizwe aliyelifunga."

Mama mmoja wa ghorofa ya nne akaangua kilio kirefu, kizuri, cha mtu aliyezoea kazi yake, kisha akachota koleo jingine.

Metodi alirudi ofisini akazisoma kanuni zake tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuta popote palipoandikwa kwamba marehemu lazima awe mtu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kwamba kisima chenyewe kinaweza kuwa na vifungu ishirini na viwili na kiambatisho.

Vifo vikafuatana. Jumatano likafa benchi, na waombolezaji wakaja na rangi na brashi. Alhamisi reki na jembe walifariki pamoja katika ajali, wakaacha nyanya zisizo na mwangalizi, nazo zikavunwa zote kwa machozi. Ijumaa likafa jiko la kuchomea pilipili, na waombolezaji wakaja na magunia ya pilipili. Wakaja watu mia mbili, mpaka wa Jengo la Kumi na Nne, ambao kabla ya hapo walikuwa hawamjui mtu yeyote wa Jengo la Tisa, ila kwa kugombea maegesho. Moshi wa pilipili ukapanda hadi ghorofa ya tatu ya manispaa, ukamkuta Metodi anaandika barua kwenda wizarani kuuliza kama kitu kisicho na roho kinaruhusiwa kufa bila idhini. Mate yakamjaa mdomoni. Akafunga dirisha, akaendelea kuandika.

Jioni alikwenda kwa mama yake. Jikoni hapakuwa na mahali pa kuweka kiwiko. Kote chupa, na beseni la pilipili zilizochomwa likisubiri kumenywa.

"Mama, mwambie Zlatan aache. Kesho Naibu Waziri anakuja. Akisoma pale mlangoni kwamba jembe limeacha mjane, mimi nimekwisha."

"Kula kwanza."

Akala. Alikula vipande vinne vya mkate na sosi, na kwa dakika hizo hakuwa kaimu wa kitu chochote.

"Kesho saa nne ushuke chini," Bibi Spaska akasema huku akimenya. "Vaa koti jeusi."

"Saa nne ndiyo saa ya ugeni, Mama! Na kesho zamu ya nani kufa? Ndoo?"

Bibi Spaska aliacha kumenya. Akamtazama mwanawe, vidole vikichuruzika maji mekundu.

"Karatasi iko mlangoni. Umepita hapo ukija. Hukusoma?"

"Sisomi tena hizo takataka. Tangu lilipokufa benchi nimeacha kusoma, na kofia sivui."

"Haya," mama yake akasema, akarudia pilipili zake.

Jumamosi Naibu Waziri aliwasili saa nne kasoro dakika tano, na wasaidizi wawili na mpiga picha. Kwa kuwa ujirani ulikuwa bado haujaanza, uwanja ulikuwa mtupu, kama ilivyoelekezwa. Metodi alikuwa tayari na utepe wa kukatwa na mkasi juu ya mto wa hariri. Alikuwa pia amewafanyia usaili wakazi watano, idadi isiyohitaji kibali, ambao saa nne kamili wangetoka mlangoni na kupeana chumvi mbele ya kamera. Saa nne ikafika. Wakazi watano hawakutokea. Walikuwa wamemwachia ujumbe kwa maandishi: samahani, tuna msiba.

Mheshimiwa Topuzova hakuuona utepe. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akavaa miwani. Kwetu hata waziri hapiti mlango bila kusoma.

"Mna misiba mingi hapa, Bwana Drenkov."

Metodi aliyaona macho yake yakiteremka, taratibu, kuelekea kwenye picha ya pipa.

"Ni uchafu tu, Mheshimiwa! Mzaha wa watu wasioitakia mema sekta ya ujirani. Jambo hili linashughulikiwa sasa hivi."

Akalishughulikia. Alinyoosha mkono, akaikamata karatasi iliyokuwa karibu, mpya kuliko zote, akaichana katikati toka juu hadi chini.

Wakati huo huo watu walikuwa wanatokea nyuma ya jengo, zaidi ya mia, wote wamevaa nyeusi. Wote walimwona. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomshtua Metodi, kwa sababu wiki nzima watu hao hao walikuwa wanaumwa mbavu kwa kuzuia kicheko. Akatazama kilichobaki mkononi mwake. Nusu ya uso wa baba yake ilikuwa inamtazama.

Mheshimiwa Topuzova aliokota nusu nyingine iliyoanguka, akachukua na ile ya mkononi mwa Metodi, akaziunganisha mbele ya miwani yake, akasoma kwa sauti.

"'Miaka kumi bila Pencho Drenkov, fundi bomba, jirani wa wote. Hatujakusahau. Mkeo Spaska na mwanao Metodi.'" Akainua uso. "Metodi ndiye wewe?"

Metodi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesahau. Baba yake mzazi, miaka kumi, na siku aliichagua yeye mwenyewe kwenye kalenda ya ofisi. Aibu ilimshuka mwilini, akatamani jengo zima limwangukie.

Bibi Spaska akatoka kwenye kundi, na bakuli la uji mzito wa unga, gundi ile ile aliyobandikia jana. Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

"Ibandike," akasema.

"Mama, ngoja kwanza wageni..."

"Ibandike, Metodi."

Akavua kofia. Akapaka uji kwa vidole, akaziweka nusu mbili pamoja, akazikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Usitoe mikono mpaka ikauke," mama yake akamwambia, kisha akamshika mkono Naibu Waziri na kumpeleka nyuma ya jengo, maana aliyefika msibani lazima ale kijiko cha ngano iliyochemshwa kwa kumkumbuka marehemu.

Metodi akabaki mlangoni, na utepe wake haujakatwa. Hakuona kitu, ila alisikia kila kitu. Alisikia vijiko, kisha viti, kisha kicheko cha kwanza, kisha Mheshimiwa akiuliza sosi ile imetiwa nini.

"Nani kiongozi wa haya yote?" sauti yake ikauliza baadaye.

"Hatuna kiongozi, Mheshimiwa," akajibu Mzee Zlatan. "Tuna misiba tu."

"Na Idara imewasaidia nini?"

"Aa, Idara imetusaidia sana. Ilitufungia pipa, ndipo tukafahamiana na Jengo la Kumi na Nne."

"Kwa hiyo sasa mnafahamiana wote?"

"Wote. Tumezikana wiki nzima."

Ilipita saa nzima ndipo Naibu Waziri aliporudi, chupa mbili za sosi kwapani, msaidizi nyuma yake akiandika. Alisimama mbele ya Metodi akiwa na uso wa furaha.

"Hongera, Bwana Drenkov. Ujirani mlioutafuta nimeuona kwa macho yangu, umekamilika, haukosi kitu. Nitaiandikia serikali kwamba Idara yako imemaliza kazi. Jumatatu itafungwa, kwa heshima zote."

Akanyoosha mkono wa pongezi. Mpiga picha akasogea. Metodi aliutazama mkono ule, akatazama karatasi chini ya viganja vyake, upande wa kushoto bado mbichi. Hakubandua hata kidole.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Nina msiba."