Mwalimu Mumoja, Kalasi Sita, Bila Waya

Kazi moja (Jumatatu), 8 novemba 1993
Akili imewaka! Directeur Mathieu amelia mbele yangu. Balimu batano baliacha masomo, bamoja balienda kulima shamba, bengine balipanda train ya kurudi kwabo. Amebakia Monsieur Urbain peke. Kazi tano inspecteur anakuya: akikuta kalasi bila mwalimu, anafunga masomo, nyumba yote ya kusomea. Na mutoto wangu Arielle anasomea pale, kalasi ya ine! Nikamwambia asitetemeke. Miye Dodo niko na ka-mashini ka kutuma sauti, nilikatoa mu phonie ya zamani, ile radio ya kuongelea na batu ba mbali. Urbain atasema mu micro, kila kalasi iko na radio yake. Directeur akauliza, batoto ba kalasi ya kwanza batasikia masomo ya sita? Nikasema, si mubaya, batakomaa mbio.

Kazi mbili, 9
Kutembea na radio pa bega, kalasi kwa kalasi. Ya kwanza, wazi. Ya tano, shhhh! Ukuta ya Babelgiji, minene kama tembo. Nimefunga antenne pa mulingoti ya bendera. Sauti imefika mpaka mu radio za soko: bamama ba samaki sasa banajua mito yote ya Zaïre! Zéphirin, fundi wa radio, akauliza mapile, betri za radio zote, nitatoa wapi. Wivu tupu.

Kazi ine, 11
Mapile za kufa, kikapu mbili. Nimeanika pa bati kama mihogo. Kila mutu wa Likasi anajua, jua inafufua pile. Saa sita nikajaribu: kalasi zote sita zinalia kama kanisa! Zéphirin asema pile ya kuanika ni sawa mulevi: anaamuka, anaimba, anaanguka. Nimecheka sana.

Kazi tano, 12
Mvua! Tangu asubuhi, jua hakuna. Nikaficha mapile mu suruali, zipate joto ya mwili. Urbain akaanza: saba mara nane ni… Radio ya kalasi ya tano ikakufa. Kiisha ya pili. Kiisha zote. Inspecteur akaingia ya ine, akauliza saba mara nane ni ngapi. Arielle wangu akasimama na heshima: tunangojea, Monsieur, radio haiyasema bado. Aba! Inspecteur ametupatia siku mpaka kazi moja: balimu benye miguu, ama kufuli.

Kazi moja, 15
Masomo imepona. Bazazi bamejitoa kufundisha. Miye pia! Directeur amenipa kazi ya kupiga kengele. Na kalasi ya ine? Zéphirin!! Arielle anamuita Monsieur, kama mwalimu wa kweli, hata ku nyumba. Asema leo bamejifunza sababu gani pile inakufa. Nikatoka inje, sikusikiliza. Kosa ilikuwa antenne, ilipunguka mita mbili tu.
Kesho ninaenda Buluo, kuomba kazi ya kutuma mahubiri kwa radio mu gereza ya pale. Kule hata sauti ikikatika, hakuna mutu atatoka. Mapile iko tayari pa bati.
Mawingu kidogo tu.