Ngiri, Mtalaka na Chumba Chenye Kiyoyozi

Jumatatu, 1 Julai

Ni ngiri. Daktari aliibonyeza, akaniambia nikohoe, nikakohoa, akaandika. Binti mdogo mwenye miwani. Upasuaji ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na moja. Amesema silipi kitu, kadi ya dhahabu, ile ya matibabu ya bure ya serikali, inatosha. Wodi ya wanaume, ghorofa ya tatu. Vitanda thelathini na viwili.

Thelathini na viwili! Mimi, Sawaeng, fundi wa feni na masufuria ya umeme, miaka ishirini na sita katika mji huu wa Uttaradit, nikaanikwe kwenye safu kama samaki mkavu!

Kurudi dukani, namkuta Winit kinyozi amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara. Mwaka jana huyu alitolewa mawe ya nyongo. Alilazwa chumba cha peke yake: kiyoyozi, kochi, friji. Binti yake ni karani wa ofisi ya ardhi, na bima ya watumishi wa serikali hubeba wazazi. Tangu siku hiyo hakuna kichwa kinachonyolewa pale bila kusimuliwa lile kochi.

Aliniuliza daktari kasemaje. Nikasema mafua. Akanitazama ninavyotembea.

"Mafua hayo yameteremka sana, kaka."

Mshenzi.

Jumanne, 2 Julai

Nimemwita wakala wa bima za kampuni. Kaja na mkoba na picha za vyumba kama hoteli, mgonjwa anacheka kitandani. Kaniuliza umri. Hamsini na minane. Kalamu ikasita. Kaniuliza kama nina ugonjwa wowote. Sina, nikasema, ila kangiri kadogo.

Akafunga mkoba. Nyumba inayoungua haikatiwi bima, ndivyo alivyosema. Na kahawa yangu ya barafu alikuwa ameshaimaliza.

Mchana kutwa nimekaa nikijiuliza: serikalini nina nani? Wazazi walikuwa wakulima, na wameshakufa. Watoto sina. Kaka yangu ni mtawa milimani, hata viatu hana. Feni ya mteja mikononi, bisibisi mdomoni, ndipo nikakumbuka. Nilikuwa na mke! Phikul. Mwalimu wa shule ya serikali, miaka thelathini na minne kazini! Bima yake inabeba mume.

Tuliachana miaka sita iliyopita. Aliniacha yeye, lakini matokeo ni yaleyale.

Jumatano, 3 Julai

Hospitali ya mkoa, dirisha la haki za matibabu. Nilimwuliza dada wa dirishani kama bima ya mtumishi humhesabu mtalaka. Hapana. Mume halali, mwenye cheti. Je, mtalaka akirudiwa? Inategemea, akasema, anarudiwa na nani. Na mimi, nikasema. Akamwita mwenzake aje asikie.

Lakini jibu nimelipata. Cheti cha ndoa kikishaingizwa kwenye mtandao, kadi yangu ya dhahabu inakufa na ninahesabiwa mtu wa mtumishi. Chumba cha peke yake! Kochi!

Alhamisi, 4 Julai

Nimechagua doriani sokoni kwa nusu saa, nikigonga ganda na kusikiliza kama daktari. Nimevaa shati la mikono mirefu. Nimekwenda kwa Phikul, nyumba ya karibu na reli, ile niliyoezeka mimi mwenyewe (inavuja).

Alikuwa anasahihisha madaftari. Amezeeka kidogo, inampendeza. Akanionyesha kiti. Nikamwambia nimekaa miaka sita nikitafakari. Nikamwambia moyo wangu haujawahi kutoka katika nyumba ile. Niliyapanga vizuri maneno, hata mimi nilikaribia kulia.

Alikula vipande vitatu vya doriani. Kisha akanawa mikono.

"Kaka Sawaeng, una shida gani?"

Sina, nikasema. Ni mapenzi tu.

Hakucheka. Akakumbusha habari ya hekalu. Nilijua ataikumbusha! Mwaka ule nilimuaga kwamba nakwenda kuvaa njano ya utawa siku kumi na tano, kumwombea marehemu mama yake. Akaja hekaluni na wali na samaki wa kukaanga. Mtawa mkuu hakuwa amewahi kusikia jina langu. Nilikuwa mji wa Phitsanulok, kwenye majogoo ya kupigana. Jogoo wangu naye alishindwa, lakini hilo hakuna anayelihurumia.

Amesema atafikiri.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemwona Phikul anatoka kwa Winit! Kinyozi wa wanaume! Wamesimama mlangoni dakika nzima, Winit anazungumza kwa mikono, mara anaonyesha duka langu, mara anaonyesha chini ya kitovu chake.

Mtu mwenye kochi na friji, bado ananinyang'anya na mtalaka! Nilivuka barabara. Nikamwambia aheshimu wake za watu. Akauliza mke wa nani. Nikasema wangu, wa zamani na wa baadaye. Kisha, kwa upole wa kuudhi, akaniambia niende zangu hospitali, nisifanye mchezo, mjomba wake alitembea hivihivi akafa kwa ngiri.

Anataka niwe kitandani ili abaki na uwanja. Namjua.

Jumatatu, 8 Julai

Phikul amenipigia! Tukutane ofisi ya wilaya Jumatano, saa nne asubuhi. Nije na kitambulisho. Sauti yake haikuwa na sukari, lakini sauti ya mwalimu ndiyo hiyo.

Ushindi!

Nikapiga simu wodini mara moja. Nikawaambia nafasi yangu ya tarehe kumi na moja wampe maskini mwingine. Muuguzi akauliza, mjomba, una hakika? Nina hakika. Akauliza tena. Nikamwambia nitarudi baada ya wiki chache, kwa bima nyingine, na anichagulie chumba chenye dirisha. Akanisomea maonyo: uvimbe ukiwa mgumu na usirudi ndani, ukitapika, njoo saa hiyohiyo, usingoje bima wala nini. Ndiyo, ndiyo, nikasema. Vijana wanapenda kutisha watu.

Kisha nikamwita Winit, nikamwambia aje kuwa shahidi. Nilitaka aone.

Jumatano, 10 Julai

Sijui niandike vipi.

Ofisi ya wilaya. Shati jeupe. Winit amekuja na nywele zimepakwa mafuta. Phikul amefika kabla yetu, amekaa wima, mkoba mapajani. Karani akatandaza fomu, akatafuta kalamu. Nikatia sahihi yangu haraka, ikatoka nje ya mstari.

Phikul akaichukua kalamu. Hakuandika. Akanigeukia, mbele ya karani, mbele ya Winit, mbele ya wachumba wawili waliokuwa wakingoja nyuma yetu.

"Kaka Sawaeng. Niambie kwa nini unataka kunioa."

"Kwa sababu nakupenda."

"Hakuna sababu nyingine?"

Winit akanikanyaga mguu. Nikadhani ni wivu. Nikautoa mguu.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja! Naapa kwa kaburi la mama!"

Akairudisha kalamu mezani, taratibu, kama anaweka yai. Akachukua mkoba akaondoka. Kisigino chake kinalia ngazi zote, nilizihesabu, kumi na tisa. Karani akaichana fomu. Wale wachumba wakasogea mbele.

Nje, Winit akaniambia mimi ni mpumbavu. Nikamwambia furaha yake inaonekana. Akatikisa kichwa, akaenda kufungua duka.

Nimepiga simu hospitali. Nafasi ya kesho imeshachukuliwa na mzee mmoja wa wilaya ya Lap Lae. Ninayo tarehe mpya: mwezi ujao. Maskini mwingine! Nilisema mimi mwenyewe!

Ijumaa, 12 Julai

Nyumba haina mtu wa kuniambia nisinyanyue. Basi nimenyanyua. Mashine ya kufulia ya mama muuza tambi, kutoka sakafuni hadi mezani, kwa hasira, peke yangu. Kitu kimetoka. Ni kigumu. Hakirudi. Nimetapika mara mbili, nimeandika sentensi hizi nimelala sakafuni kati ya feni. Naona miguu ya Winit inavuka barabara. Anakimbia. Sijawahi kumwona Winit

Jumapili, 14 Julai

Niko hai. Kitanda cha kumi na saba. Ghorofa ya tatu. Thelathini na viwili, vyote vimejaa.

Kumbe Winit alinibeba mgongoni hadi kwenye pikapu, aproni ya kunyolea bado shingoni. Daktari yule mwenye miwani ndiye aliyenipasua, mchana uleule wa Ijumaa. Utumbo ulikuwa umejinyonga. Kasema ningechelewa saa chache wangekata kipande, na pengine hata kukata kusingesaidia. Hakuna aliyeniuliza bima. Waliuliza jina tu, na mara ya mwisho nilikula nini.

Nilipozinduka kutoka nusu kaputi, Phikul alikuwa pale, kwenye kiti cha plastiki. Nikadhani nimekufa. Kumbe kwenye faili langu, jina la ndugu wa kuitwa bado ni lake. Miaka sita sikulibadilisha. Hakukuwa na jina lingine la kuandika.

Alinilowanisha midomo kwa pamba. Nikamwuliza kama anajua kuhusu ngiri. Akasema anajua tangu Jumamosi ile. Alikwenda mwenyewe kwa Winit kuuliza nina nini, kwa sababu alishangaa nilivyokaa kwenye kiti chake, upande mmoja kama kuku mgonjwa.

"Sasa kwa nini uliniita ofisini?"

"Nilikuja na kitambulisho, daftari la usajili wa nyumba na cheti cha talaka," akasema. "Vyote vilikuwa kwenye mkoba. Ungesema tu, Phikul, naumwa, naogopa kulala peke yangu hospitali. Ningetia sahihi. Nilikuuliza mara tatu, kaka. Mara tatu, na ukaapia kaburi la mama yako."

Nilitaka kusema naumwa. Lakini wakati huo lilikuwa jambo ambalo hata mfagiaji angeliona.

Akanifunika miguu, akasema ana madaftari ya kusahihisha. Amekwenda. Hajasema atarudi, na mimi sikumwomba. Mlango wa wodi una bawaba kavu, ukifungwa unalia muda mrefu.

Jumatatu, 15 Julai

Narudi nyumbani kesho. Karatasi ya gharama imeletwa: sifuri. Hata mahali pa kuanzia kulalamika hapapo! Uji wa moto, feni zinazunguka vizuri (nimezikagua, moja inahitaji kapasita), wauguzi wanapita kila saa. Winit alikuja na machungwa. Akatazama wodi nzima, akasema kule chumbani kwake alikaa siku nne bila kuzungumza na mtu, alikuwa anaongea na friji. Anasema hivyo kunifariji. Sikufarijika.

Sasa, habari kubwa. Kitanda cha kumi na nane yupo mzee Charun, mguu umevunjika. Dada yake, Malai, huja kila saa sita na wali wa kunata. Mjane. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha serikali! Miaka mitatu kabla ya kustaafu! Nimemwuliza Charun, juujuu tu, kama dada yake hachoki kuishi peke yake. Nimeazima kitana.

Alipofika leo nilikuwa nimekaa wima. Akaniuliza nimelazwa kwa nini. Nikamwambia sikulazwa, nina afya ya chuma, nimekuja tu kumtazama rafiki. Nikavuta shuka juu ya dripu.

Akainama, akasoma karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda changu. Ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Akanitazama, kisha akaitazama dripu chini ya shuka.

Nadhani amevutiwa.