Koti la Manyoya Ndani ya Mtungi wa Unga

Jumatatu, 6 Januari
Baridi ya kukata masikio. Nimeangalia tena ile tamthilia ya binti korongo pamoja na Bibi Tong wa jirani. Upuuzi. Binti wa mbinguni kapakwa rangi ya mdomo, anaruka na upanga, anapendwa na mfalme wa mashetani mwenye nywele nyeupe. Lakini chini ya vipodozi vyote hivyo nimeitambua. Ni ile hadithi aliyonisimulia mama yangu utotoni. Korongo anashuka kuoga mtoni, anavua vazi lake la manyoya, kijana maskini analificha. Basi, hana la kurukia. Anakaa. Anapika. Anaolewa. Mama alijua mambo.

Jioni Caiping, mjane wa mwanangu Defu, kaniambia anaondoka Ijumaa kwenda kusini. Kuna fundi wa vigae huko anataka kumwoa. Kasema polepole, macho kwenye bakuli. Nikamwambia tambi zake hazina chumvi. Zilikuwa nayo.

Jumanne, 7 Januari
Siku ya uji wa nafaka nane, sikukuu yetu ya baridi. Caiping kaamka alfajiri kuupika, kisha akatoka kuwapelekea majirani. Hapo nikapata nafasi. Koti lake jekundu la manyoya ya bata, lile Defu alilomnunulia kabla mgodi haujamchukua. Hana jingine. Nikalisokomeza ndani ya mtungi wa unga, kifuniko, jiwe juu. Hata yule kijana wa mtoni hakuficha vizuri hivi.

Bibi Tong kaja kusifia uji, akauliza mbona nina unga hadi kwenye nyusi. Nikamwambia ni mvi.

Jumatano, 8 Januari
Caiping katafuta koti chini ya kitanda, kwenye kamba ya nguo, hadi kwenye banda la kuku. Kaniuliza kama nimeliona. Nikamjibu mtu asiyetunza vitu vyake asiende kusumbua nyumba za watu. Akanitazama kidogo, akasema basi anakwenda kukanda mikate ya mvuke. Nikamfukuza jikoni. Nikakanda mwenyewe, kazi niliyoiacha tangu aolewe. Mikate imetoka kama matofali. Kuku wameikataa.

Jioni, tamthilia. Bibi Tong kaniambia nisubiri tu, karibu huyo binti atalipata vazi lake aruke zake. Nikamuuliza kayatoa wapi hayo, mbona mama yangu hakusema hivyo. Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Kwani mama yako aliishia wapi, dada? Nikamwambia aliishia kwenye harusi. Kila mara. Akifika hapo mimi nimeshalala.

Bibi Tong akaacha kucheka. Akanimenyea karanga, yeye ambaye hajawahi kunimenyea hata kitunguu. Sikuzila.

Alhamisi, 9 Januari
Theluji. Nzuri. Inyeshe.

Caiping kafua shuka zangu zote. Kaingiza makaa ndani. Kapanga vidonge vyangu vya presha na kunielezea mara mbili kipi cha asubuhi, kama vile mimi ni kuku. Nikajiambia mtu anayeondoka hahangaiki hivi. Mpango unafanya kazi.

Baadaye kasimama mlangoni akauliza, mama, una neno lolote la kuniambia? Nilikuwa nalo. Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Ijumaa, 10 Januari
Kaondoka.

Kavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na skafu. Nilikuwa na hakika atafika kwenye lango, baridi imng'ate, arudi. Kafika langoni. Kageuka, akaniinamia, akasema mama ujitunze. Nikamwambia basi halimngoji mtu. Nikabaki nimesimama hadi Bibi Tong akaja kunishika mkono. Nikamwambia aniachie, mimi si kikongwe.

Nimepika tambi za watu wawili. Nimekula zote kwa hasira.

Jumapili, 12 Januari
Caiping kapiga simu. Huko kusini watu wanatembea na shati. Sasa koti lilikuwa la nini? Hilo mama yangu hakulisema.

Kasema alijua tangu Jumanne, kule kutafuta kote kulikuwa kunipa nafasi niseme mwenyewe. Eti ni nani anayekanda unga humu ndani siku zote? Kasema alilitoa, akalikung'uta, akashona mfuko uliochanika, akalirudisha palepale. Mama, livae wewe, la kwako limetoka pamba yote mgongoni. Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nimelitoa. Linanukia sabuni yake. Nikaingiza mkono mmoja. Joto. Nikautoa upesi.

Nikilivaa likachakaa, atarudia nini? Aliyeacha vazi lake hajaondoka, hili Bibi Tong halijui, yeye na mwisho wake wa hadithi. Nimelirudisha mtungini. Kosa langu lilikuwa jiwe tu. Lilikuwa jepesi. Sasa nimeweka lile kubwa la kugandamizia kabichi ya achari.