Nyota Tano za Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nimekuwa mwekezaji! Nkwabi, niliyesoma naye, anapangisha nyumba yake ya Mirongo kwa siku, kupitia simu. Wageni wa nje watupu. Anasema kuweka mpangaji wa mwezi ni kulaza mtaji. Basi nimempa Teodora, mpangaji wetu, wiki moja aondoke. Miaka tisa yupo kwetu hapa Igogo. Hakubishana. Aliuliza tu nani atampa Mama dawa zake za presha. Nikamjibu nyumba ni yangu. (Ni ya Mama.)

Jumatatu, 10 Machi
Teodora kahamia Butimba. Mama ameshinda mlangoni pa chumba kitupu. Nimenunua mapazia na shuka nyeupe. Nimepiga picha za tangazo la kwenye simu. Jalala halionekani.

Alhamisi, 13 Machi
Mgeni wa kwanza, Mjerumani, alifika jana. Nilimwomba Mama asitoke chumbani. Wapi! Asubuhi namkuta sebuleni anamlisha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, anamfundisha kuitikia salamu ya kwetu, mwangaluka. Aibu niliyoona! Mchana mgeni kaondoka, kaandika: nyota tano. Mapazia hakuyataja. Kamsifu bibi. Nkwabi ana nne tu! Nimeongeza kwenye tangazo: Bibi yupo.

Jumapili, 16 Machi
Mama ameanguka bafuni. Mimi nilikuwa Mirongo, namwonyesha Nkwabi nyota zangu. Mgeni mpya ndiye aliyenipigia simu. Daktari anasema Mama hajameza dawa siku sita. Nilidhani anakumbuka mwenyewe. Nimelia nje ya wodi, watu wakiniangalia. Teodora alifika na uji wala sikuwa nimemwambia.

Alhamisi, 20 Machi
Mama ameruhusiwa. Hataki kurudi Igogo. Anasema atakaa kwa Teodora, maana kule kuna mtu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliagiza kapu lake la michembe tu, nikalipeleka.

Jioni nimekaa kitandani kwake. Nyumba kimya. Nimemkumbuka, na nimejiona mtu mbaya kabisa. Nikafungua dirisha nipate hewa. Kumbe dirisha lake ndilo linaloliona ziwa lote, mpaka kwenye mawe! Miaka yote hiyo! Nimepiga picha kumi.

Wageni wa Jumamosi wanauliza kama bibi yupo. Nimewajibu yupo. Kesho asubuhi naingia sokoni kutafuta bibi wa kukodi. Awe mpole, na ajue kupika michembe.