Kibali cha Babu Nyongesa

Jumatatu, 10 Juni
Naandika Kiswahili ili dada yangu Nanyama asisome. Yeye husema hii ni lugha ya wanajeshi na vizuizi vya barabarani. Kwangu ni lugha ya reli. Babu Nyongesa alikuja nayo kutoka Kenya, akaitumia Stesheni ya Mbale miaka thelathini na mmoja, na sasa anaishi nayo chumba cha nyuma, hapa mtaani kwetu Nkoma.

Habari mbaya. Mjomba Lawrence, afande wa magereza, anakuja Jumamosi kumchukua Babu akaishi kwake Mpumudde, Jinja. Mama anasema Babu anasahau jiko likiwaka, na kila asubuhi anatorokea stesheni. Anatoroka! Anakwenda kazini. Kwamba treni za abiria zilikoma kabla sijazaliwa ni jambo jingine.

Nina mpango. Naandika historia ya stesheni, pamoja na ramani. Nani atamwondoa shahidi wakati kitabu kiko sura ya pili?

Jumanne, 11 Juni
Stesheni na Babu, baada ya shule. Jukwaa: hatua zangu mia na arobaini, zake mia mbili na kumi. Dirisha la tiketi limezibwa kwa matofali. Chumba cha kungojea cha daraja la kwanza kina mbuzi watatu. Babu aliwaomba tiketi. Upande wa Tororo, nguzo ya ishara. Upande wa Soroti, tangi la maji lisilo na maji. Jina langu alilitafuta mpaka tukaliacha, lakini alijua ni reli ipi iliyochepuka kwenda ghala la pamba.

Kisha akatoa kibali kotini. Kipande cha shaba kama ufunguo mnene, ndani ya kifuko cha ngozi chenye pete kubwa ya kupita begani. Reli ni moja, alisema, na treni hutoka pande mbili. Dereva asiyekabidhiwa kibali hasogei. Siku ya mwisho hakuna aliyekuja kukipokea hiki, na mtu wa stesheni haondoki kabla ya kukabidhi.

Haondoki! Nimeipigia mstari mara mbili.

Jumatano, 12 Juni
Nilianza na barua. Kwa Mjomba, kutoka kwa mwalimu wa historia: Mzee Nyongesa anahitajika kwa mtihani mpaka Desemba. Namba ya simu ya mwalimu niliweka ya Nanyama, ndiyo pekee ninayoijua kwa moyo. Niliituma kwa picha. Mjomba akapiga. Nanyama akapokea. Akamwambia, "Afande, hapa hakuna mwalimu. Kuna mwongo mmoja tu, anamenya matooke."

Mama hakunigombeza. Alisema hata yeye hataki baba yake aende. Afadhali angenigombeza.

Basi, mpango wa pili. Nimekificha kibali ndani ya gunia la maharage. Bila kibali hawezi kukabidhi. Asipokabidhi haondoki. Safi kabisa!

Ijumaa, 14 Juni
Sitaki kuandika.

Babu aliamka, akapekua koti, akatoka kwenye mvua. Tulimkuta stesheni, katikati ya reli, miguu mitupu, akipunga kitambaa chekundu cha Mama. Treni mbili ziko njiani, alisema, moja ya Tororo na moja ya Soroti. Amepoteza kibali. Na watu wamelala ndani. Wamelala, alirudia. Mama alimwambia hakuna treni, Baba. Akamtazama kama mtu aliyeacha watu wafe.

Nilikimbia nyumbani, nikarudi na kifuko. Nikamwambia treni zote mbili zimesimama, bwana stesheni. Alikifuta kwa shati lake. Punje mbili za maharage zikaangukia reli. Hakuuliza. Mama aliziona, akanivua sweta langu, akamvisha yeye.

Jumamosi, 15 Juni
Mjomba amekuja na gari la kuazima. Babu alisimama mlangoni, vifungo vyote vya koti vimefungwa. Hakupanda. Hakuna wa kumpokea zamu, alisema. Mjomba, ambaye wafungwa hunyamaza akikohoa tu, alikuwa akibembeleza: mzee, twende basi, mzee wangu.

Nanyama alinisukuma mgongoni. "We mtu wa vitabu, si unajua taratibu zao? Nenda."

Mpango ulikuwa unafanya kazi! Ningenyamaza tu, angebaki. Lakini alikuwa akikohoa tangu jana. Nikanyoosha mkono.

Alininyoosha kola kwanza. Kisha akanivisha ile pete begani, kama madereva walivyoipokea. Reli moja, treni moja, alisema, na usikubali mtu akuharakishe. Akapanda gari mwepesi kama aliyepandishwa cheo. Hakunipungia mkono. Nami sikumpungia. Mtu aliye zamu hapungi.

Nanyama alilia kuliko sisi sote.

Jumatano, 19 Juni
Nimeipigia katochi ya Babu, ile simu yake ndogo yenye tochi. Nikasema ni Phanice. Akauliza, Phanice wa wapi? Kisha nikasema, Stesheni ya Mbale hapa.

Sauti ikanyooka. "Mbale, Jinja hapa. Njia iko wazi?"

Amehamishiwa huko, alieleza, na kazi ni nyingi. Nilimuuliza kama kikohozi kimepona. Akasema simu ya reli si ya salamu. Nilimuuliza kama atakuja kututembelea. Akasema treni haitoki bila kibali, na kibali kiko Mbale.

Kiko hapa, chini ya mto wangu. Mimi ndiye niliyekipokea!

Basi nitampelekea. Nimeshaandika barua kwa Mama, kutoka kwa mwalimu wa historia: Jumamosi wanafunzi wote watakwenda kupima Stesheni ya Jinja. Sahihi nimeifanyia mazoezi mara kumi na mbili. Hakuna kosa hata moja. Namba ya simu ya mwalimu nimeweka ya katochi ya Babu. Mama akipiga, atajibiwa kikazi kabisa, kwamba njia iko wazi.