Usiguse Kabati

Jumatatu, 8 Septemba

Rogathe kaondoka na gari la asubuhi kwenda Vudee. Dada yake kateleza kwenye shamba la tangawizi, mguu umevimba. Atarudi Jumamosi. Maagizo ya mke wangu: kuku wapate maji, mchicha umwagiliwe, makande yapashwe moto kila jioni yasichache. Na nisiguse kabati la vyombo.

Hilo la mwisho kalisema mara mbili, mkoba ukiwa tayari begani. Nimelitafakari. Mtu hakatazi jambo mara mbili kama moyoni halitamani.

Isitoshe, nimestaafu tangu Juni. Miaka thelathini na minne afisa mifugo, leo namwagilia mchicha! Na jana tulipita kwa Sadock, mzee wa kanisa, jirani yetu nyumba ya tatu. Kabati lake lina taa ndani. Sahani zimesimama kama askari wa gwaride. Alitusindikiza hadi getini akisema hata kwetu ni pazuri, kwa namna yake.

Kwa namna yake!

Jumanne, 9 Septemba

Nimetoa kila kitu. Vikombe arobaini na kimoja, visahani ishirini na tisa. Hivyo visahani vingine vimekwenda wapi? Sofa zimejaa, meza imejaa, kitanda cha wageni kimejaa. Nyuma ya birika vumbi la mji wetu wa Same limerundikana kiasi cha kupanda mchicha mwingine. Makande nimekula kwenye sufuria, nimesimama, kama mlinzi.

Nimekuta seti ya chai ya harusi yetu. Haijawahi kunywewa. Inasubiri mgeni anayestahili. Miaka thelathini na sita hajafika! Mchungaji mwenyewe alipewa kikombe cha bati.

Nikaamua kutumia taaluma. Vyombo ni kama ng'ombe tu. Daraja la kwanza: vizima, vinang'aa. Daraja la pili: vina mikwaruzo ila afya nzuri. Daraja la tatu: vilema, vitoke zizini. Hivi vimejaza boksi zima. Sahani zenye ufa. Chupa ya chai isiyotunza joto. Kikombe cha bluu kisicho na mkono, ambacho Rogathe alikiweka rafu ya juu, katikati, mbele ya seti ya harusi! Maskini mke wangu. Hana jicho la mifugo.

Jumatano, 10 Septemba

Taa. Chande, fundi umeme, kasema atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo! Nimenunua taa za Krismasi mjini na kuzifunga mwenyewe. Zinawaka vizuri sana. Kisha zinazima. Kisha zinawaka nyekundu. Nimebonyeza kila kitufe, hazitaki kutulia.

Jioni jirani yetu Maua kaja kuuliza kama tumefungua baa. Nikamjibu ni mapambo ya kisasa. Kasema sawa, ila vijana wawili wameshamuuliza kama tuna nyama choma.

Alhamisi, 11 Septemba

Sahani zimesimama! Nimekunja waya za henga saba za nguo kuzishikilia. Vitambaa vya kufuma vya Rogathe nimevitandika kila rafu, ncha zikining'inia sawasawa. Nimepima kwa rula.

Rogathe kapiga simu. Kauliza kuku. Wazima. Kauliza mchicha. Mzima. Kisha kauliza kabati. Nikasema zima kabisa. Kauliza kwani kabati lilikuwa linaumwa. Mtandao wa milimani ukakatika hapo hapo. Mungu ni mwema.

Mchana Sadock kapita kukusanya vitu vya mnada wa kanisa wa Jumapili. Watu wametoa mayai, mikungu ya ndizi, miwa. Nikampa boksi la daraja la tatu. Moyo wangu mwepesi: nyumba imepungua takataka, kanisa limepata sadaka. Sadock akasimama mbele ya kabati muda mrefu, uso wake ukiwa mwekundu, halafu kijani, halafu mwekundu tena. Akasema, "Linawaka."

Nimemshinda!

Jumamosi, 13 Septemba

Rogathe karudi. Kaingia sebuleni, kasimama. Kakaa na mkoba wake mapajani kama abiria. Mimi nikabaki pembeni nimeshika kidhibiti cha taa.

Halafu kacheka! Kasema vioo vinang'aa, vitambaa vimenyooka, na taa zinamkumbusha gari la wagonjwa lakini atazizoea. Nikaanza kumweleza mfumo wa madaraja. Akainua mkono.

"Baba Faraja, kile kikombe cha bluu kiko wapi?"

Nikauliza kikombe gani cha bluu. Kasema kisicho na mkono. Nikasema kipo kwa Chande, anakitengenezea mkono. Kauliza tangu lini fundi umeme anatengeneza vikombe. Nikasema amepanua shughuli.

Kanitazama. Kasema sawa, kesho baada ya ibada tutakipitia. Kisha kaingia chumbani na hajatoka. Sijawahi kumwona amekaa kimya hivyo tangu msiba wa mama yake.

Nimekimbia kwa Sadock. Kasema vitu vimefungiwa stoo ya kanisa, ufunguo anao mwinjilisti, na mwinjilisti yuko Mwanga hadi asubuhi. Kanishauri nikinunue mnadani kama muumini mwingine yeyote. Alikuwa anatabasamu. Mzee wa kanisa!

Jumapili, 14 Septemba

Mpango ulikuwa rahisi. Nisimame nyuma kabisa, karibu na mbuzi wa mnada. Ninunue kimya kimya, nitie mfukoni, nimwambie Rogathe kwamba Chande ameshindwa kazi.

Mnadishaji ni Jenifer, binti wa kwaya, sauti yake inafika stendi. Akainua kikombe juu. "Hakina mkono, lakini kina moyo! Nani anaanza?"

Nikaanza, kwa sauti ya chini. Sadock akageuka, akaniona, akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza. Watu wakaanza kucheka na kushangilia. Bei ikapita ya kuku. Ikapita ya kuku wawili. Mtu mwingine upande wa akina mama naye akaongeza. Nikampandia. Akaongeza. Nikampandia tena, kwa hasira sasa, bei imefika ya mbuzi. Ndipo Jenifer akauliza taratibu, "Samahani, baba. Unashindana na Mama Faraja?"

Uwanja mzima ukageuka. Rogathe alikuwa amesimama, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Macho yake yana machozi. Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na boksi.

Akasema hana la kuficha. Kikombe kilitoka nyumbani kwao Vudee. Mwaka themanini na tisa kijana mmoja alifika kuposa, akapewa chai ndani yake. Kikombe kikamponyoka kidogo, kikagonga meza, mkono wake wa kushikia ukavunjika. Kijana akauokota ule mkono, akautia mfukoni, akaendelea kunywa akidhani hakuna aliyeona.

"Mama aliona," akasema Rogathe. "Nilitaka kukataa. Nilikuwa na mchumba mwingine, mwalimu wa Usangi. Mama akaniambia: mpokee huyu. Anayeficha vibaya namna hii hataweza kukudanganya hata siku moja."

Walicheka hadi Jenifer akaweka kikombe chini asikiangushe. Sadock alikuwa anafuta macho kwa leso. Akasema anajitoa, kwa heshima ya marehemu.

Mimi sikucheka. Miaka thelathini na sita nilijua ile siri ni yangu peke yangu. Na mwalimu gani huyo wa Usangi?

Bei ikabaki palepale nilipoiweka mwenyewe. Mbuzi wetu jike anakwenda kanisani kesho. Njiani Rogathe kabeba kikombe kwa mikono miwili. Karibu na geti katoa mkono mmoja, kanishika wangu. Mimi nikafungua geti.

Jumanne, 16 Septemba

Kila kitu kilichobaki kimerudi kilipokuwa kabla ya Rogathe kwenda Vudee. Kikombe cha bluu rafu ya juu, katikati. Kabati limefungwa, ufunguo anao Rogathe, na mimi nimeapa mbele ya Maua kama shahidi kwamba silikaribii tena.

Nimejichunguza kwa unyenyekevu mkubwa. Kosa lilikuwa moja tu: sikuuliza historia ya kila chombo. Ningekuwa na daftari, yote haya yasingetokea.

Kesho kutwa Rogathe anakwenda Mwanga kwenye semina ya kwaya, siku mbili. Kabati sitaligusa. Nimeapa. Lakini kule chumbani kuna sanduku lake la khanga, limejaa hadi kifuniko hakifungi, nyekundu juu ya kijani, mpya chini ya zilizochakaa, bila utaratibu wowote. Daftari nimeshanunua.

Nimemwambia asiwe na haraka ya kurudi. Apumzike huko hata siku nne.